Kinga ya meno kwa mtoto wa raga na magongo: ya kuchemsha nyumbani au ya daktari?

Mzazi akiniuliza amnunulie mtoto kinga gani ya meno, kile kifuniko cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno mchezoni, kabla shule hazijafunguliwa Januari, sianzi na bei. Humuuliza: mtoto akilala, anapumua kwa pua au kwa mdomo? Jibu lake hunipa nusu ya ushauri nitakaompa. Mtoto ambaye pua yake iko wazi anaweza kuzoea karibu kinga yoyote iliyokaa vizuri. Yule anayekoroma na kulala mdomo wazi, mwenye mafua yasiyoisha au mzio wa vumbi, atahisi anakabwa koo hata kwa kinga ya bei ghali, na watu wazima watasema anadeka.

Nafundisha raga ya watoto Jumamosi asubuhi hapa Kisumu, na naweza kusema watoto wengi ninaowaona uwanjani wana kinga za meno. Ziko ndani ya soksi. Ziko mfukoni mwa kaptula, au zimening'inia pembeni mwa mdomo zikitafunwa. Mzazi ametoa pesa, mtoto amebeba kifaa, na meno yako wazi vilevile. Ndiyo maana katika ulinganisho huu kipimo kinachotangulia vingine vyote ni kimoja: ni ipi mtoto atakubali kukaa nayo mdomoni tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho?

Michezo ninayoizungumzia ni ile ambayo mtoto hukutana na mwili wa mwenzake, ardhi, gongo au ngumi. Raga iko mbele, na huku kwetu huwezi kuikwepa: mtoto akipelekwa kutazama mashindano ya Dala Sevens hapa Kisumu au Prinsloo Sevens kule Nakuru, anarudi nyumbani akitaka kumkaba kila mtu. Mpira wa magongo unafuata. Shule kama Kamusinga, Musingu, Sinyolo na Tigoi zimelea wachezaji wa magongo kwa miaka mingi, na mpira ule mgumu ukiruka juu ya gongo unafika mdomoni kabla mtu hajapepesa jicho. Ndondi hazichezwi bila kinga. Taekwondo imo, na hata mpira wa vikapu, maana viwiko huruka ovyo chini ya kikapu.

Meno yanayoumia zaidi ni ya mbele juu, na ndiyo sababu kinga nyingi huvaliwa juu tu. Kazi yake ni kusambaza nguvu ya pigo ili isiangukie jino moja, na kuweka mto kati ya meno na midomo, kwa sababu mara nyingi mdomo hupasuliwa na meno ya mwenyewe. Nyuzilandi, ambako raga ni mchezo wa taifa, iliwalazimisha wachezaji wote wa ndani ya nchi kuvaa kinga mwaka 1998. Madai ya bima ya majeraha ya meno kutokana na raga yalishuka kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003. Lakini mzazi asiuziwe kinga kwa ahadi kwamba itamkinga mtoto na mtikisiko wa ubongo. Hilo halijathibitishwa. Mtoto aliyegongwa kichwa na kuanza kuyumba anatolewa uwanjani, awe amevaa kinga au hajavaa.

Ile ya bei ya chini kuliko zote

Kuna kinga inayouzwa ikiwa tayari, umbo moja kwa midomo yote. Mtoto huishikilia kwa kuuma meno. Akifungua mdomo amwite mwenzake, inaanguka. Akiiuma muda wote, taya linachoka na hewa haipiti. Ndiyo hiyo inayoishia kwenye soksi. Siishauri kwa mtoto yeyote. Mwenye vyuma vya kunyoosha meno ana kinga zake maalumu, na nitamrudia. Na ile ya mitumba, hata ukiiona sokoni Kibuye inang'aa, iache hapo hapo. Iliumbwa kwa mdomo wa mtu mwingine, na plastiki ikishatafunwa huwa na nyufa ndogo ambazo mswaki hauzifikii.

Zinabaki mbili za kulinganisha kwa dhati: ya kuchemsha nyumbani, na ile inayotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo cha mdomo wa mtoto.

Ya kuchemsha: kila kitu kiko mikononi mwa anayeiumba

Hii utaiulizia katika maduka ya vifaa vya michezo. Kisumu anzia Oginga Odinga Street, Nakuru anzia Kenyatta Avenue. Hakikisha pakiti imeandikwa ni ya watoto, na umri uliotajwa unamhusu mtoto wako. Kinga ya mtu mzima iliyokatwa kidogo haigeuki kuwa ya mtoto, kwa kuwa upana wa taya si ule ule.

Imetengenezwa kwa plastiki iitwayo EVA, ambayo hulainika ikipata maji moto na hushika umbo ikipoa. Mzazi mmoja wa Nakuru aliwahi kuniuliza kama maji ya kwao yatafaa, kwa sababu mji uko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Lilikuwa swali zuri. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kote kuwili joto linatosha, kwani EVA hulainika mapema kabla ya hapo. Kinachoharibu kazi ni muda: ukiiacha ndani ya sufuria huku unatafuta simu, inakuwa uji. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti na uhesabu sekunde kama ilivyoandikwa, maana kila kampuni ina hesabu yake. Sufuria itolewe motoni kwanza.

Mtoto azoee kitendo kabla maji hayajachemka. Mwambie aigize kuiumba kinga ikiwa bado baridi: aiingize juu, aume kidogo, anyonye hewa ndani kama anayevuta uji mzito, huku vidole vya mzazi vikibonyeza kwa nje kwenye midomo na mashavu, na ulimi wake ukisukuma kwa ndani. Arudie hadi achoke kucheka. Kisha ndipo maji moto, kisha kuichovya kwenye maji baridi kwa sekunde moja au mbili ili isimuunguze, kisha mdomoni. Neno la kumkumbusha ni moja: uma polepole. Mtoto akiuma kwa nguvu zote, meno yanazama hadi upande wa pili na plastiki inabaki nyembamba mahali pale pale panapohitaji unene. Ikitokea hivyo, kinga nyingi hukubali kuchemshwa tena mara moja au mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karibu kila mzazi hulipita, nalo ndilo linaloamua kama mtoto ataivaa. Ni mkia wa kinga. Kinga nyingi za kuchemsha hutoka kiwandani zikiwa ndefu, na mkia ule ukigusa nyuma ya kaakaa, mtoto anataka kutapika. Si deko, ni mwili unavyofanya kazi. Hesabu meno ya juu kutoka katikati kwenda nyuma: jino la sita ni gego la kwanza la ukubwani, lile linaloota mtoto akifika miaka 6 hivi. Kinga iishie hapo. Kinachozidi kikatwe kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo, huku mtoto akiijaribu kila baada ya mkato.

Kuna binti wa miaka 10 aliyekuja mazoezini na mama yake, kinga ikiwa mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, inanitapisha."

"Inakugusa wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Hakuonyesha nyuma. Alionyesha mbele, juu ya meno mawili ya katikati. Nikamwomba mama yake ainue mdomo wa juu wa mtoto kidogo, tukaona: ile nyuzi ya nyama inayounganisha mdomo na ufizi ilikuwa nyekundu, kinga imeisugua. Kilichokuwa kikimsumbua ni maumivu, na kila alipoyahisi aliisukuma kinga nyuma kwa ulimi, ikagusa kaakaa, akataka kutapika. Tulikata tundu dogo lenye umbo la V pale katikati, tukachovya ukingo kwenye maji moto ya chupa ya chai, nikausugua kwa kidole hadi ukawa laini. Akaivaa, akakaa kimya kidogo, akamgeukia mama yake na kusema kitu ambacho hatukukielewa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Alikuwa anaomba aende kucheza.

Kwa hiyo mtoto akisema inaumiza au inanitapisha, usimjibu kwamba atazoea. Muulize wapi. Asilimia kubwa ya malalamiko yana mahali pake, na mahali hapo panatibika kwa mkasi na maji moto.

Ya daktari: inakaa bila kushikiliwa

Ukiingia kwa daktari wa meno ukisema unataka kinga ya michezo, atachukua umbo la meno ya mtoto kwa trei iliyojaa uji mzito unaoganda mdomoni kwa dakika mbili tatu, atamimina plasta kupata mfano wa meno, kisha plastiki ile ile ya EVA itapashwa moto na kuvutwa juu ya mfano huo. Utarudi siku nyingine kuichukua na kuijaribu.

Tofauti yake na ya kuchemsha inaonekana mtoto anapofungua mdomo. Hii haianguki. Imeshika meno yenyewe, haihitaji kuumwa, kwa hiyo taya linapumzika na hewa inapita. Unene uko pale daktari alipoutaka, kwa kawaida milimita 3 hadi 4 upande wa mbele, na pale kwenye kaakaa imepunguzwa ili ulimi upate nafasi. Mtoto anaweza kumwita mwenzake na akasikika. Kwa nahodha wa timu, au kwa anayecheza nafasi ya kupanga mchezo, hilo peke yake ni sababu ya kutosha, kwa sababu anayelazimika kutoa kinga ili azungumze ataitoa kila dakika.

Upungufu wake ni mawili. Bei ni mara nyingi zaidi ya ile ya kuchemsha. La pili ni kwamba mdomo wa mtoto haukai ulivyo. Kati ya miaka 6 na 12 meno ya utoto yanang'oka na ya ukubwani yanaota, na kinga iliyokaa barabara Januari inaweza kubana Agosti. Daktari mwenye uzoefu na watoto huacha nafasi kwa jino linalotarajiwa kuota, na inafaa umkumbushe, lakini nafasi hiyo ina mpaka.

Kuna jambo la tatu ambalo si upungufu wa kinga yenyewe ila linamhusu mtoto mwenye koo jepesi. Ili apate kinga isiyomtapisha, ni lazima kwanza avumilie ile trei. Mwambie daktari mapema, kabla mtoto hajakaa kwenye kiti. Mtoto akae wima, kichwa kiiname mbele kidogo, apumue kwa pua, na ainue mguu mmoja aushikilie hewani akihesabu kimoyomoyo. Akili ikishughulika na mguu, koo hutulia. Ukiona hata hivyo hawezi, usimshike kwa nguvu. Rudini nyumbani mwanze na ya kuchemsha iliyokatwa fupi, halafu baada ya msimu mmoja wa kuvaa hiyo, trei haitakuwa kitu kigeni tena.

Nikiwa na mtoto mbele yangu

Kwa mtoto wa shule ya msingi ambaye meno yake bado yanabadilika, nachagua ya kuchemsha, na naichagua bila kusita. Pesa inayobaki inatosha kununua nyingine jino jipya likishaota. Mzazi atumie bidii yake kwenye kuiumba na kuikata, si kwenye kutafuta ya bei zaidi. Mtoto mwenye jino linalocheza asiiumbe siku hiyo. Asubiri ling'oke, au lisukumwe na jino jipya.

Kwa aliye sekondari, meno yametulia isipokuwa magego ya mwisho, anacheza kila wiki na anakabwa na watu wenye kilo nyingi kuliko zake, nampeleka mzazi kwa daktari kama mfuko unaruhusu. Raga ya wachezaji 15 na magongo huchezwa muhula wa kwanza, raga ya saba muhula wa pili, kwa hiyo kinga ya daktari ishughulikiwe likizo ya Novemba na Desemba, mtoto akiwa nyumbani na akiwa na wiki kadhaa za kuizoea kabla hajapanda gari la kurudi bwenini. Mfuko usiporuhusu, ya kuchemsha iliyoumbwa kwa makini na kuvaliwa mchezo mzima ni bora kuliko ya daktari iliyobaki kwenye sanduku la chuma kitandani.

Mwenye vyuma vya kunyoosha meno asichemshe chochote. Plastiki laini ikishika kwenye vyuma inaweza kuving'oa, na meno yake yanasogezwa kila mwezi, kwa hiyo umbo la leo si la mwezi ujao. Kuna kinga za silikoni zilizotengenezwa kwa ajili ya vyuma, zenye nafasi ya kutosha kwa mbele. Anayemtibu ndiye wa kuulizwa, na aulizwe kabla ya mazoezi ya kwanza.

Yule wa kupumua kwa mdomo, ambaye nilianza naye, aanzie kwa daktari wa kawaida, si wa meno. Pua ikifunguliwa, kinga inavalika. Wakati matibabu yanaendelea, kinga nyembamba ya daktari itamsumbua kidogo kuliko ya kuchemsha, lakini usitarajie muujiza kutoka kwa plastiki.

Kumzoesha: nyumbani taratibu au uwanjani kwa mpigo?

Hapa nako kuna njia mbili, na nimeona zote. Ya kwanza ni kumkabidhi mtoto kinga mlangoni mwa uwanja na kumwambia avae. Inafanya kazi kwa mtoto mmoja mmoja mwenye moyo mgumu. Kwa wengi, siku ya kwanza ya kinga inageuka kuwa siku ya kuhema, mate kumwagika, kuchekwa na wenzake na kuitoa. Kumbukumbu hiyo inakaa.

Ya pili ni kuanza nyumbani wiki mbili hivi kabla, bila mpira, bila kukimbia. Naipendelea hii kwa mbali sana. Mtoto achague rangi mwenyewe dukani. Jambo dogo, lakini kinga aliyoichagua ni yake, si ya mama. Jioni ya kwanza aivae mbele ya kioo akihesabu hadi 20, aitoe, basi. Kesho yake aivae akitazama katuni, hadi tangazo la kwanza. Siku zinazofuata ongeza muda, halafu ongeza kazi: asome ukurasa wa kitabu cha Kiswahili kwa sauti, aimbe, amwombe nyanya yake chai akiwa nayo mdomoni. Kusoma kwa sauti ndiko kunakofundisha ulimi mahali pa kukaa, na ndiko ninakokutilia mkazo kuliko zoezi jingine lolote. Akishasomeka, aruke kamba. Akiruka kamba bila kuitoa, yuko tayari kwa uwanja.

Mate mengi siku za mwanzo ni kawaida. Mdomo unadhani umepewa chakula. Yanapungua yenyewe, na mtoto aambiwe ameze, asiteme kila mara. Akianza kutaka kutapika, ashushe kidevu, apumue kwa pua polepole, aimbe kimya akiwa amefunga midomo. Kupiga mswaki kabla ya kuvaa na kuisuuza kinga kwa maji baridi sana husaidia; wengine huiweka kwenye friji, na mtoto huifurahia zaidi mchana wa joto la Kisumu. Zile zenye ladha ya matunda zinasaidia siku chache za mwanzo tu, na wengine huzitafuna kwa ajili ya hiyo ladha, kwa hiyo mimi nachukua zisizo na ladha.

Usimzidishie. Jioni akikataa, rudi hatua moja nyuma, kwenye muda aliouweza jana, umalizie hapo akiwa ameshinda. Mtoto aliyelazimishwa mara moja huifunga midomo hata kabla kinga haijatoka kwenye kikasha. Kwa mtoto mwenye usonji au anayesumbuliwa sana na vitu vigeni mdomoni, wiki mbili hazitoshi, na hakuna ubaya. Aishike mkononi kwanza, aiguse kwa midomo, aizoee siku kadhaa kabla ya kuingia kwenye meno, na kinga nyembamba ya daktari inamfaa kuliko nyingine.

Uwanjani nako kuna nafasi yake, lakini ni ya kuimarisha, si ya kuanzisha. Watoto huiga. Kocha akiivaa yake tangu kupasha mwili moto, na kikosi kizima kikaivaa, hakuna anayejiona kituko. Kwangu asiye na kinga hafanyi mazoezi ya kukaba. Anakwenda kwenye kundi la kupasiana mpira, bila kufokewa, na Jumamosi inayofuata mara nyingi anakuja nayo. Mzazi amwombe kocha wa shule afanye hivyo kwa kikosi kizima. Mtoto mmoja peke yake mwenye kinga kati ya 15 wasio nazo, hata umzoeshe nyumbani mwezi mzima, ataificha.

Ikishavaliwa

Ioshwe kwa mswaki na maji baridi kila baada ya mchezo, ikauke, ikae kwenye kikasha chenye matundu. Maji moto yataiharibu umbo. Kadhalika dashibodi ya gari saa nane mchana, na kadhalika mfuko wa plastiki uliofungwa, ambamo inaota harufu. Anayekaa bweni asiiazime kwa mtu, hata rafiki wa kufa na kuzikana. Kila mwezi itazame kwenye mwanga: ikiwa imepasuka, imelegea au mtoto anaisogeza kwa ulimi kila saa, muda wake umekwisha. Kwa mtoto anayekua, hesabu kuinunua upya kila msimu.

Na kwa kuwa kinga hupunguza hatari bila kuiondoa, mzazi na kocha wajue la kufanya jino likitoka zima. Jino la ukubwani lishikwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Likiwa na vumbi, lisuuzwe kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi, lisisuguliwe, lirudishwe kwenye tundu lake na mtoto aume kitambaa safi kulishikilia. Kama hilo haliwezekani, liwekwe kwenye maziwa baridi. Pakiti moja ya kioski inatosha. Kisha mbio kwa daktari wa meno, ndani ya nusu saa ikiwezekana, kwani kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya jino kushika tena. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza lile la ukubwani lililo chini yake, lakini mtoto aonwe na daktari vilevile. Andika namba ya simu ya daktari huyo ndani ya kifuniko cha kikasha cha kinga, kwa kalamu isiyofutika, na umwonyeshe kocha ilipo.